Kabla Hujalipia Tangazo, Sogeza Pini

Friji ikigoma Sinza saa 1 asubuhi na ndani kuna samaki wa wiki nzima, mwenye friji haingii Instagram kuperuzi. Anaandika "fundi friji Sinza" kwenye Google, inatokea ramani na majina machache chini yake, anampigia wa kwanza, asipopokea anampigia wa pili. Biashara ndogo nyingi za Dar zinaikosa simu hiyo, na kwa kawaida tatizo si hela ya matangazo. Tatizo ni saa zilizoandikwa vibaya, pini (alama ya duka kwenye ramani) iliyokaa ng'ambo ya barabara, au namba ya laini iliyokwisha kutupwa. Inauma kuona mwenye fremu analipia matangazo kila wiki wakati Wasifu wa Biashara wa Google (Google Business Profile), yaani ukurasa wa bure wa biashara yako unaotokea kwenye Google na ramani yake, unawarudisha njiani wateja waliokwisha kumtafuta.

Tuanze na saa, maana hapo Kiswahili chetu na simu haviongei lugha moja. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 3 usiku. Mwenye duka anaingia kwenye wasifu anajaza 2:00 AM hadi 3:00 PM. Google inaelewa saa 8 usiku hadi saa 9 alasiri. Mteja anayetafuta saa 11 jioni anaambiwa pamefungwa, na akichagua kuona waliofungua muda huo tu, duka linapotea kabisa kwenye orodha. Sahihi ni 08:00 hadi 21:00. Saa za kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ongeza 6. Za kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku hesabu kutoka 18:00. Mwezi wa Ramadhani, Idi na Sabasaba, tumia sehemu ya saa maalumu badala ya kuvuruga ratiba ya kila siku. Idi inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo rekebisha usiku uleule.

Pini nayo ina mambo yake. Chukua duka la vipuri Manzese, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Pini ikikaa upande wa pili, bodaboda anayefuata ramani anajikuta ng'ambo, na katikati kuna njia za mabasi ya mwendokasi ambazo hawezi kuzikatiza. Inabidi aende mbele kutafuta pa kugeuzia, na mteja wa haraka hasubiri. Usiridhike na pini iliyowekwa kwa kuandika jina la mtaa. Washa picha za setilaiti, kuza mpaka uone paa lako, iburute hadi mlangoni.

Kariakoo ni shida nyingine: ghorofa moja, maduka kibao, pini zimerundikana. Hapo andika sakafu na namba ya fremu kwenye mstari wa pili wa anwani, kisha weka picha za kumwongoza mtu: jengo linavyoonekana kutoka barabarani, ngazi za kupandia, mlango wako. Picha za bidhaa zinapendeza, lakini picha ya ngazi ndiyo inayomfikisha mteja. Fundi anayewafuata wateja majumbani asiweke pini nyumbani kwake. Afiche anwani, ataje maeneo anayohudumia, yasizidi 20.

Kuithibitishia Google kwamba biashara ni yako, siku hizi mara nyingi ni kwa video, na wengi wanakwama kwa sababu wanarekodi ndani tu. Video iwe moja, isikatwe wala kuhaririwa, isipungue sekunde 30. Anzia nje ionekane barabara na majengo ya jirani, sogea kwenye bango, fungua mlango kwa ufunguo wako, onyesha vifaa vya kazi na mashine ya EFD ya kutolea risiti kama unayo. Jina la kwenye bango lifanane na jina la kwenye wasifu. Hakikisha bando linatosha kabla hujaanza. Na barua pepe iwe yako mwenyewe. Kijana wa stationery akikufungulia kwa barua pepe yake, siku akihama mtaa umebaki bila funguo za duka lako.

Jina lisiongezwe chumvi. "Neema Saluni" ibaki "Neema Saluni"; ukiandika "Neema Saluni Kusuka Bei Poa Tabata" unavunja masharti na wasifu unaweza kufungiwa. Maneno hayo yana mahali pake: kwenye huduma na maelezo, ambako una herufi 750. Andika kama wateja wanavyoandika: kusuka rasta, kubandika kucha, kupamba maharusi. Aina kuu ya biashara ni moja, kwa hiyo chagua inayokuingizia riziki, halafu ongeza nyingine za kweli, mwisho 9.

Anayekuuzia nafasi ya kwanza kwenye ramani muogope. Google yenyewe inasema nafasi hiyo hainunuliwi. Inaangalia unafanana kiasi gani na kilichotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Saluni ya Tegeta haiwezi kumpata mtu aliyesimama Mbagala Rangi Tatu akitafuta ya karibu, hata ifanyeje.

Kwenye kujulikana, maoni ya wateja yana uzito. Yaombe mteja akiwa bado anajitazama kwenye kioo, mtumie kiungo WhatsApp palepale. Usimpe punguzo ili aandike, hairuhusiwi. Mtu akiandika "Nimefika saa 2 usiku nimekuta pamefungwa, na hapa mmeandika saa 3," usibishane naye hadharani. Jibu: "Pole sana dada, kosa ni letu. Siku za Jumapili tunafunga saa 1, na sasa tumesharekebisha." Kisha rekebisha kweli, maana atakayesoma jibu hilo Jumapili ijayo atalitegemea.

Mara moja kwa mwezi itafute biashara yako kwa simu ya mtu mwingine. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko ya saa au namba yako, na Google inaweza kuyakubali kabla wewe hujajua. Bonyeza namba iliyopo pale, usikilize inaita simu ya nani.