Fidia pekee haitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema polisi wakimzuilia mshukiwa kupita saa 24 kabla ya kumfikisha kortini, dawa ni kumlipa fidia na kesi iendelee. Kisheria hajakosea, ndivyo Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilivyoamua 2010 katika kesi ya Julius Kamau Mbugua. Lakini angetaja tulikotoka: mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilimwachilia mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu, kwa kuwa alikaa miezi minane mikononi mwa polisi kabla ya kufikishwa kortini, bila maelezo. Wengi walilalamika kwamba majambazi wamefunguliwa mlango, na kwa aliyeibiwa uchungu huo naujua. Ila enzi hizo hati ya mashtaka ilisomwa kuanzia tarehe: ya kukamatwa, kisha ya kufikishwa kortini, na wakili akapiga hesabu ya siku papo hapo, zikizidi anaomba kesi ifutwe. Leo fidia unaidai kwa kesi nyingine, kwa gharama yako, na ikilipwa (ikilipwa!) inatoka kwa mlipa kodi, si kwa afisa aliyekufungia. Kuchelewa siku moja nisingefuta kesi. Miezi, kipigo au ushahidi wa kubandikwa, ifutwe. Nyinyi mngeweka mpaka wapi?