Rudisheni Boksi la Filta Kabla ya Masika

Jana jioni karibu na City Stadium, Nairobi, mvua ikimwagika, nilimkuta kijana wa boda akipiga kiki pikipiki iliyokataa kuwaka. Abiria wake, mama mwenye mtoto mgongoni, amesimama kando na maji yanamfika vifundoni. Nikainama kutazama chini ya kiti. Boksi la filta ya hewa hakuna. Kwenye kabureta, pale hewa inapochanganywa na petroli, imefungwa koni nyekundu, yaani filta ya wazi isiyo na boksi, imeloa chapachapa. Nikamwuliza boksi liko wapi. "Fundi alilitoa, akasema itavuta vizuri nikipanda mlima, mzee."

Hasira haijaniisha mpaka sasa, na simkasirikii kijana.

Boksi lile la plastiki ambalo mafundi wetu wanaling'oa kama takataka lina kazi yake. Mdomo wa kuvutia hewa umefichwa mahali ambapo tairi la nyuma halirushi maji. Yakipenya machache, hutulia chini na kutoka kwa kimpira cha kutolea maji. Ling'oe, na koni inabaki uchi mbele ya tairi, na tairi kwenye barabara iliyofurika ni pampu. Nakubali, matone ya mvua peke yake hayaui injini. Yakivutwa machache hugeuka mvuke yakaisha. Taabu huanza filta ikishaloa. Hewa inakuwa haba, petroli inazidi, plagi inalowa, pikipiki inakatakata halafu inazima katikati ya matatu na malori. Na ukiingia kwenye dimbwi linalofika usawa wa koni injini ikiwa inanguruma, inavuta maji yenyewe. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, konirodi, chuma kinachoisukuma pistoni, inapinda, na hapo unafungua injini nzima.

Mvua ikikatika linarudi vumbi. Koni za bei rahisi zinauzwa bila mtu kukwambia jinsi ya kuziosha wala kama zinahitaji kupakwa mafuta. Vumbi laini linapita, linasaga ringi za pistoni na silinda, unaanza kuona moshi wa buluu.

Na hiyo nguvu iko wapi? Kabureta ilipimwa pamoja na boksi lake. Ukiongeza hewa bila kugusa jeti, kitundu kinachopima petroli, petroli inapungua na injini inachemka. Kinachoongezeka ni mlio. Wanaoshindana kwenye viwanja vya mbio wana sababu zao na wana mtu wa kuwapimia kabureta. Sawa, waache nao.

Lakini mtu wa boda hapa Nairobi anategemea mvua. Ikinyesha nauli inapanda, watu wanataka kufika nyumbani, na ndiyo saa pikipiki yake haipaswi kulala. Wengi wanaendesha pikipiki ya mkopo unaolipwa kila siku, au ya mtu mwingine anayengoja pesa yake jioni. Injini ikifunguliwa, deni halisimami. Fundi naye alishalipwa siku ile aliyong'oa boksi, pengine ameshaliuza. Mafundi, hawa ni vijana wenu, wanawaamini. Waambieni hasara yote kabla ya kushika bisibisi.

Kama unayo koni tayari, tafuta boksi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kabla ya Machi, hata la mitumba, mradi halina ufa. Ukilikosa, fundi akuwekee kipande kigumu cha plastiki kati ya koni na tairi, kisiguse kimoja wala kingine. Usiifunike koni kwa nailoni, injini itakosa pumzi. Ikizima ndani ya maji, acha kiki kabisa. Isukume hadi pakavu, toa plagi, ndipo upige kiki taratibu maji yatoke kwa tundu lake. Kisha tazama oili: ikiwa imegeuka nyeupenyeupe, mwaga yote, weka mpya, halafu ndio uwashe.