Mwenzenu Nimegeuzwa Fundi Mitambo wa Ukoo

Kosa langu ni moja tu. Siku ile runinga ya nyumbani ilipozimika, nilichomoa waya nikauchomeka tena, ikawaka. Basi! Tangu siku hiyo kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu. Simu ya mtu ikigoma, naitwa. Saa ya ukutani ikisimama, naitwa. Na sasa nimetwishwa zigo kubwa kuliko yote: nichague programu ya kupigiana video, Mama awaone wanawe walio ng'ambo.

Kuna watu wanasema, "Kwani tabu iko wapi, si mnapiga tu?" Anayesema hivyo ujue ndugu zake wote anaishi nao nyumba moja.

Zamani tulikuwa tumetulia. Tulikuwa na Skype, programu iliyoanza 2003, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa. Jumapili nafunua kitambaa, nabonyeza, inalia ule mlio wake kama mtu anazama kwenye pipa la maji, Mama anakaa kitini, anaongea na watoto, wakimaliza nafunika. Microsoft, walioinunua 2011, mwishoni mwa Februari 2025 wakatangaza kuwa wanaifunga, na tarehe 5 Mei wakaifunga kweli, watu wakaelekezwa kwenye programu yao nyingine, Teams. Sina wa kumlaumu. Tangazo lilikaa miezi miwili na zaidi, nililiona, nikasema nitalishughulikia wikiendi. Nadhani mnazijua wikiendi zangu.

Nilipomwambia Mama kwamba Skype imefungwa, aliniuliza, "Wanafungua saa ngapi?"

Nikaona nisifanye makosa ya kuamua peke yangu. Nikaandika kwenye grupu la familia: jamani, tutumie programu gani? Hilo swali sitaliuliza tena maishani. Tuko watu kumi na mmoja mle ndani, na majibu yalikuja kumi na manne.

Dada wa Kanada akasema FaceTime, hakuna nyingine yenye picha safi kama hiyo. Sawa, lakini ile ni ya Apple, na ukoo mzima wenye simu za Apple ni yeye na mumewe. Akanijibu kwamba tangu 2021 hata wenye simu za aina nyingine wanaingia kwa linki. Kweli, wanaingia. Ila hawawezi kuanzisha simu, mpaka mwenye Apple awafungulie mlango. Kwa hiyo Mama akitaka kumpigia mwanawe, kwanza amwombe mwanawe amtumie linki ya kumpigia. Nikamwambia dada, hiyo si simu, huo ni ugeni wa kualikwa.

Shemeji akasema kwa nini tuhangaike wakati WhatsApp kila mtu anayo, na video imo tangu 2016, na watu 32 wanaingia kwa mpigo. Nikashusha pumzi. Nikaandika, "Imepita." Nikaweka na alama ya kidole gumba. Kaka wa Dubai akaibuka usiku: "Mmenisahau."

Kule Falme za Kiarabu kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa. Ujumbe unapita, picha zinapita, sauti ya kurekodi inapita, ila ukibonyeza kitufe cha kupiga ndiyo mwisho wa safari. Kuna programu zenye kibali cha huko, BOTIM ikiwamo, na kaka akataka watu wote kumi tupakue hiyo kwa ajili yake. Dada akasema kumi hawawezi kumfuata mmoja. Kaka akamuuliza ni nani aligharamia harusi yake yote mwaka ule. Nikalifunga grupu kwa dakika tano watu wanywe maji.

Mjomba wa Ujerumani yeye ni Zoom, kwa sababu ofisini kwao ni Zoom asubuhi hadi jioni. Usipolipia, kikao ni dakika 40 tu, na familia yetu dakika 40 zinaishia kwenye "mnanisikia?" Google Meet wanatoa dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea, hapo angalau tungefika kwenye "nani huyo anakohoa?" Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa anayejua kila kitu, akasema hizo zote si salama, twende Signal, maneno yanafungwa kufuli kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako tu, hata wenye programu yao hawasikii. Nikamwambia hata WhatsApp ina kufuli la namna hiyo tangu 2016. Halafu siri gani, mwanangu? Bibi yako akiongea na watu wa ng'ambo anapaza sauti ili ifike yenyewe bila mtandao. Majirani wanajua habari za Kanada kabla yangu.

Tukapiga kura. Tuliyoichagua sitaitaja, msije mkasema nimelipwa. Itoshe kwamba kaka wa Dubai anaingia, Mama hahitaji linki ya mtu, na dada mpaka leo hajaridhika.

Sasa kuiweka kwenye simu ya Mama. Nimebonyeza kupakua, simu inasema nafasi imejaa. Imejaa nini? Nikafungua picha. Maua. Maua tupu! Maua ya "asubuhi njema", maua ya "ubarikiwe", kikombe chenye maua, jua linachomoza katikati ya maua, maelfu kwa maelfu. Nikasema Mama, hizi tufute. Akanipokonya simu. Kila ua lina mwenyewe, akasema. Hili katuma mke wa mchungaji, hili katuma yule aliyefanyiwa upasuaji, ukilifuta akapatwa na jambo nitakueleza nini? Tukakaa kwenye kochi tukayapitia moja moja kama wazee wa baraza wanaokata kesi. Saa nzima na robo. Tukakubaliana kufuta yaliyojirudia, na ya mtu mmoja ambaye Mama alisema, "Huyo futa yote," na hakutaka kunieleza sababu.

Nafasi ikapatikana. Programu ikashuka polepole kama mgonjwa anashuka ngazi. Nikiwa naisubiri nikasoma kwamba simu za video si jambo la jana. Mwaka 1964 kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu yenye picha kwenye maonyesho ya New York, ikaweka na vibanda mijini; unaweka miadi, unaenda kibandani, na dakika tatu zinakugharimu dola 16 hadi 27 za enzi hizo. Watu wakaikimbia. Mimi nikiwa kwenye kochi lile nikawaelewa kabisa, japo nikamwonea wivu fundi wao: yeye alikuwa na kibanda, mtu anakuja, anaondoka, mlango unafungwa.

Programu ikataka kututumia namba ya uthibitisho. Ikatumwa. Kwenye laini ya zamani. Laini ya zamani imo kwenye simu ya vitufe, simu ya vitufe imo kwenye kabati, na chaji yake mmoja wa wajukuu aliifanya kamba ya kufungia gari la kuchezea. Hayo mengine nayaruka, maana nikiyasimulia jicho linaanza kucheza.

Siku ya kwanza ya kupiga, dada akaandika: "Basi tuongee leo saa 8 usiku ya huko." Mimi ni Mswahili. Saa nane usiku naijua ni saa ngapi, ni saa ambayo hata mbwa wamelala. Nikajua ndiyo nafasi aliyoipata, kwake bado hakujalala watu. Nikamwamsha Mama. Mama akaoga, akavaa gauni la harusi ya binti yake, akapaka mafuta, akakaa wima mbele ya simu kama anayesubiri picha ya pasipoti. Kimya. Saa tisa kasoro, kimya. Kumbe mwenzetu miaka ya ugenini imemla, anahesabu saa za kwenye skrini, na hiyo nane yake ni saa mbili yetu ya usiku! Alishapiga, akapiga weee, sisi simu iko kwenye chaji chumbani, tumejilaza mapema ili tuiwahi saa nane. Asubuhi akaandika, "Nilipiga hamkupokea, nikajua mmelala." Mama aliniangalia siku nzima bila kusema neno. Afadhali angesema.

Tukarekebisha, tukaandika ratiba, nikaibandika ukutani. Ikaja Machi. Kanada wakasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Ujerumani wakasubiri Jumapili ya mwisho, Dubai hawasogezi chochote. Kwa wiki mbili tatu ratiba yangu ikawa karatasi ya kufungia vitu. Mtu mzima unaamkaje tu na kuamua kwamba saa tatu ni saa nne?

Siku tulipokutana wote ilikuwa hivi. Mama anauliza, "Watoto hawajambo?" Kimya. Anaona hajasikika, anauliza tena. Hapo hapo jibu la kwanza linafika, linagongana na swali la pili, wote wananyamaza, wote wanaanza tena kwa pamoja. Watu wa mawasiliano wana kipimo chao, kwamba sauti ikitumia zaidi ya milisekunde 150 (sekunde moja ina milisekunde elfu) kutoka mdomo mmoja hadi sikio jingine, maongezi yanaanza kusumbua. Sisi yetu haikuhitaji milisekunde, ningeweza kuipima kwa kalenda.

Mjomba akaanza kutoa nasaha. Anarusha mikono, anatikisa kichwa, kidole kinapanda na kushuka. Hakuna sauti, amejifunga maiki mwenyewe. Lakini ni mjomba. Nani amkatize? Tukaitikia kwa vichwa dakika saba nzima. Alipofungua maiki kwa bahati mbaya tukasikia, "...kwa hiyo tumekubaliana?" Watu wote, "Ndiyo, mjomba!" Mpaka leo hatujui tulikubali nini. Wiki iliyopita ameniuliza nimefikia wapi na lile jambo. Nimemwambia linaendelea vizuri.

Mama yeye alikuwa na shida nyingine. Alininong'oneza, "Huyu mama wa pembeni hapa chini ni nani? Tangu tuanze ananikodolea macho, haongei." Nikatazama. Ni yeye mwenyewe, kwenye kile kipicha kidogo cha pembeni. "Mwambie atoke, haya ni ya familia." Nikatafuta kitufe cha kuficha, nikakificha kile kipicha. Mama akashtuka: "Sasa mimi mmenitoa kwa nini?" Nikakirudisha. Akamkuta yule mama karudi, akamsalimia kwa unyonge, yakaisha.

Kibaya zaidi ni kwamba sasa ameshajua kupiga. Juzi niko sebuleni, simu inaita, video, Mama. Nikajua yameshatokea makubwa huko chumbani kwake, hatua nane kutoka nilipokaa. Nikapokea.

"Upo wapi?"

"Nipo sebuleni, Mama."

"Naona. Mbona kwenye simu umekonda?"

Kabla sijajibu, sauti yake imetoka kwenye spika yangu ikapita mlangoni, ikaingia kwenye maiki yake, ikarudi kwangu imenenepa, ikaenda tena, mpaka nyumba nzima ikawa inapiga filimbi kama treni. Nikakata. Ikaita tena.

"Umeona? Mtandao wa hapo sebuleni ni mbaya. Njoo huku uirekebishe."