Uso wa ukuta nao hubeba mzigo

Mpita njia wa Changamwe au Miritini, Mombasa, akitazama ukuta wa kuzuia udongo huona zege la mbele tu. Mhandisi naye mara nyingi hulidharau. Kwake kazi iko nyuma, kwenye vyuma bapa au nyavu za plastiki, yaani jiogridi, zilizolazwa tabaka kwa tabaka ndani ya kifusi. Uso ni wa kuzuia mchanga usimwagike barabarani. Tangu enzi za Mfaransa Henri Vidal, aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) ya udongo ulioimarishwa kwa vyuma hivyo miaka ya 1960, hesabu nyingi zimeenda hivyo. Uso umeonewa.

Chuo cha Royal Military College, Kanada, kilijenga kuta za majaribio za mita 3.6 kwenda juu. Mbili kati yake zilitofautiana hasa kwa uso: moja bloku za zege zilizopangwa, nyingine jiogridi iliyokunjwa tu mbele. Kwenye ule wa kukunjwa, nyavu zilivutwa kwa nguvu iliyozidi mara kadhaa ile ya mwenzake. Mchanga ni uleule, basi nguvu ilikwenda wapi? Ilishikwa na safu ya bloku, ikashuka hadi kwenye kitako cha ukuta. Kitako hicho, ambacho kwenye michoro mingi ni kamstari tu, kilibeba fungu kubwa la msukumo wa udongo. Huku pwani jambo hili lina uzito zaidi: chumvi hula chuma, anayejenga karibu na bahari huvutiwa na plastiki, na plastiki hunyumbuka kuliko chuma.

Japani hawakubishana sana. Ukuta wa reli wa Tanata, wenye uso mmoja mgumu wa zege kutoka chini hadi juu, ulisogea kidogo kwenye tetemeko la Kobe la 1995 lakini haukuanguka, wakati nyumba za jirani zilibomoka. Siri ni mpangilio wa kazi: kwanza hupangwa mifuko ya kokoto mbele, kifusi kikaachwa kitulie, ndipo zege humwagwa.

Wanaopinga nao wana hoja. Kifusi kikishuka huku uso mgumu umesimama, maungio ya nyavu na uso huvutwa chini, na hapo ndipo hukatika. Juu ya mwamba laini wa Miritini, unaogeuka tope la mfinyanzi masika yakikolea, ningechagua gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zinazokubali kupinda. Halafu kuna kitako chenyewe: leo kimefukiwa vizuri, mwaka ujao anakuja mtu wa bomba la maji kuchimba mtaro papo hapo. Anayekataa kupunguza nyavu kwa kutegemea kitako simlaumu.

Ila kutokukitegemea ni kimoja, kukisahau ni kingine. Mkandarasi akiniletea mchoro ningeanza na mita ya kwanza nyuma ya uso. Je, kuna kokoto za kupitisha maji? Imeshindiliwa kwa mashine ndogo ya mkono, au rola kubwa limepita hapo likasukuma paneli za uso nje? Kisha ningeuliza kitako kimefukiwa kina gani, na nani ana mamlaka ya kumzuia mchimba mtaro.