Donge la unga wa chapati juu ya kabureta

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa "ko!" moja tu, kama kijiko kwenye sufuria, nami nikajua palepale kwamba nimeharibu. Nikainua taratibu boneti niliyokuwa nimeishusha juu ya manifoldi mpya ya hewa, nikachungulia. Ile bolti ndefu inayokaza mfuniko wa kopo la chujio la hewa ilikuwa imelisukuma bati kutoka ndani, na upande wa juu, katikati kabisa ya boneti ya Chevelle ya mwaka 1969, palikuwa pameota chunusi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimejifunzia spana kwenye gereji ya mjomba wangu pale Ngamiani, na sasa nina miaka kumi na moja Michigan, Marekani. Ukikaa jimbo hili na una mkono wa ufundi, hayo magari wanayoyaita ya misuli, ya zamani yenye injini kubwa, hayakuachi salama. Kila Agosti barabara ya Woodward, kutoka Ferndale kwenda Pontiac, hujaa Mustang, GTO, Charger na Chevelle, zikitembea mwendo wa bibi harusi huku zinanguruma. Niliziangalia miaka mitatu. Wa nne nikanunua yangu.

Ni Chevelle aina ya Malibu, ile ya kawaida yenye boneti bapa. Ilitoka kiwandani na injini ya inchi 307 za ujazo, mtu mmoja huko nyuma akaing'oa akaweka ya 350, yaani lita 5.7. Wenye Chevelle za SS 396, zile za nguvu zaidi, za mwaka huohuo wana boneti yenye vibyongo viwili, na kwa muda mrefu niliviona vya mapambo tu. Hadi siku ya chunusi.

Kwa asiyeshinda gereji: injini ya V8 ina safu mbili za silinda zilizolala huku na huku, na katikati yake kuna bonde. Juu ya bonde hilo ndipo inapokaa manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa na petroli kwa silinda nane. Juu ya manifoldi kuna kabureta inayochanganya hewa na petroli, juu ya kabureta kuna kopo la chujio, na juu ya kopo ndiyo boneti. Ni nyumba ya ghorofa. Ukiongeza kimo cha ghorofa ya chini, paa nalo litapanda utake usitake, na paa la Malibu halipandi.

Sasa kwa nini mtu atake manifoldi ndefu kwenda juu? Sababu ipo na ni ya kweli. Hewa ikitoka kwenye kabureta imebeba matone ya petroli. Kwenye kona kali hewa inapinda, tone la petroli linaenda moja kwa moja na kubamiza ukuta. Kadiri kabureta inavyokaa juu zaidi, ndivyo njia ya kwenda kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda, inavyonyooka, na injini inayozunguka kasi inavuta bila kubanwa. Tangu miaka ya 1930, Vic Edelbrock na vijana wenzake wa California walipokuwa wakizichokoa Ford zao za V8 ili wakakimbizane kwenye maziwa makavu ya jangwani, hii ndiyo kazi: toa manifoldi ya kiwandani, weka inayopumua.

Lakini kuna manifoldi na manifoldi. Ipo ya vyumba viwili, ambamo nusu ya kabureta inalisha silinda nne na nusu nyingine nne zilizobaki, kwa zamu, kila silinda ikipata mvuto wake bila kugombana na jirani. Hiyo ina nguvu chini, pale unapoondoka kwenye taa. Na ipo ya chumba kimoja, ambapo zote nane zinakunywa bakuli moja. Hiyo ni tamu juu, baada ya mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, na huko chini inakohoa kama mzee wa tumbaku.

Mimi nilinunua ya chumba kimoja, na ile ndefu kabisa. Muuzaji aliweka mchoro, mstari mwekundu unapanda hadi mizunguko 6,500, nami nikaufuata ule mstari kama mbuzi anavyofuata kamba. Sikujiuliza lini mara ya mwisho gari langu lilifika 6,500. Kwa matairi niliyonayo na difu (gia za ekseli ya nyuma) niliyonayo, nikienda maili 60 kwa saa injini inazunguka kama 2,500. Nalitumia kwenda kununua aiskrimu na watoto. Nililipa pesa kuondoa nguvu mahali ninapoishi na kuipeleka mahali ambapo sijawahi kufika.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wengi wa magari haya. Ukiwaambia manifoldi imegonga boneti, jibu la kwanza ni: kata boneti. Toboa tundu, funika na pua ya fiberglasi, maliza. Wanazungumza kana kwamba boneti ndiyo iliyokosea. Mimi nasema boneti ilikuwa na haki. Anayekwenda kushindana robo maili, injini yake ikiishi juu ya mizunguko 5,000, namwelewa. Akate, atoboe, afanye anavyotaka. Lakini wengi wetu tunatoboa bati la kiwandani lenye umri wa zaidi ya miaka 50, ambalo halitengenezwi tena na kiwanda kilekile, ili kupisha kimo tusichokihitaji.

Na tusijidanganye kwamba wa zamani hawakulijua tatizo hili. Walilijua kuliko sisi, ila walilipia kwa akili. Mwaka 1960 Chrysler walitaka mabomba marefu ya hewa kwa ajili ya gari lao la 300F, ya urefu wa karibu inchi 30. Yangesimamishwa wima, dereva asingeona barabara. Wakayalaza kwa kuyavusha: kabureta ya kulia ikalisha silinda za kushoto, ya kushoto ikalisha za kulia, na boneti ikafungwa bila kelele. Ukiifungua injini ile leo utadhani pweza kalala usingizi. Pontiac kwenye GTO ya 1964, kwa aliyelipia zaidi, walipanga kabureta tatu ndogo kwa mstari badala ya kurundika moja kubwa juu. Corvette ya 1967 yenye injini ya 427 ilipewa boneti yake maalumu yenye mgongo. Ford mwaka 1969 wakafanya jeuri ya wazi kwenye Mustang: pua ya hewa ikafungwa kwenye injini yenyewe na kutokeza kwenye tundu la boneti, injini ikitikisika nayo inatikisika mbele ya macho ya dereva. Hiyo naipenda sana, naikiri, ingawa inavunja nusu ya hoja yangu.

Jioni ya chunusi nilimpigia rafiki yangu wa Bukavu, fundi wa malori makubwa, mtu ambaye hapandishi sauti.

"Ndugu, ulipima mbele ya kununua?"

"Hapana, ndugu yangu."

Akanyamaza kidogo. Kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Akaniambia nitafute udongo wa kuchezea watoto, niuweke juu ya kopo, nifunge boneti, nifungue, nipime unene uliobaki. Ilikuwa Jumapili usiku na duka liko mbali. Jikoni kulikuwa na unga wa chapati umekandwa na kufunikwa. Nikakata donge. Mama watoto akauliza unga wake unakwenda wapi, nikasema gereji, akasema basi na kesho mle hukohuko gereji.

Unga wa chapati, kwa taarifa yenu, ni bora kuliko udongo. Una mafuta, haung'ang'anii, na ukiufunga kwenye nailoni nyembamba unabonyea bila kurudi. Weka madonge manne: moja kwenye bolti ya katikati, jingine ukingo wa mbele wa mfuniko, jingine wa nyuma, na la mwisho pembeni, pale mbavu za chini ya boneti zinapopita. Watu husahau mbavu. Wanapima bati, wakati kinachogonga kwanza ni ubavu. Shusha boneti kwa mikono miwili, usiibamize, iache ijifunge kwa uzito na msukumo mdogo. Fungua, choma donge kwa kijiti cha meno, pima. Usiridhike na kipimo kimoja cha katikati: injini hizi zimelala kidogo kuelekea nyuma, kwa hiyo kitako cha kabureta kimenyanyuliwa upande wa nyuma ili kabureta isimame sawa. Kimo cha mbele na cha nyuma si kimoja, na watengenezaji wazuri wanaviandika vyote viwili. Ungeweza kuvisoma kabla ya kulipa. Mimi sikuvisoma.

Halafu kuna jambo ambalo wenye haraka hawalitaki kulisikia. Gari likiwa limesimama kwenye uga, injini imetulia. Ukikanyaga mafuta, injini inajipindua upande mmoja, ikining'inia kwenye maunti zake za raba, zile zinazoishikilia kwenye fremu. Kama raba imechoka inanyanyuka zaidi ya unavyodhani. Mwaka 1971 General Motors waliyarudisha kwa matengenezo magari ya Chevrolet zaidi ya milioni 6, ya kati ya 1965 na 1969, kwa sababu hiyohiyo: maunti zilikuwa zikiachana, injini inanyanyuka, na ikinyanyuka inaweza kuvuta mafuta yenyewe. Gari langu limo katika miaka hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia ana nafasi ya unene wa sarafu kati ya kopo na boneti, namwambia hana nafasi. Mimi sikubali chini ya robo tatu ya inchi, na kwanza niangalie maunti.

Kabla sijasalimu amri nilijaribu ujanja wa kopo lililozama, lile ambalo kitako chake kinashuka chini ya mdomo wa kabureta. Linashusha kimo kweli. Lakini likagusa bomba la petroli upande wa mbele, na nyuma likagombana na kofia ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, kwa sababu aliyeniuzia gari alikuwa ameweka ile kubwa ya kielektroniki ya miaka ya sabini. Ningeweza kuweka chujio jembamba zaidi. Hapo ndipo nilipocheka mwenyewe: nimenunua manifoldi ili injini ipumue, sasa naiziba pua ili manifoldi ienee.

Nikaing'oa. Nikatafuta ya aluminiamu, ya vyumba viwili, fupi, ya kimo kinachokaribiana sana na ile ya chuma iliyotoka kiwandani. Ile ya chuma unaibeba kama mfuko wa saruji uliolowana; hii niliishika kwa mkono mmoja huku nazungumza kwa simu.

Kazi ya kuifunga ni ya nusu siku kama huna papara. Maji ya rejeta yatoke kwanza. Weka alama rota ya distribyuta inapoangalia kabla hujaichomoa. Ukishanyanyua manifoldi, jaza bonde matambara, maana gasketi kuukuu inakwanguka vipande na kila kipande kinataka kuingia kwenye mafuta. Maji kidogo yataingia humo hata ukijitahidi, kwa hiyo mwaga oili baadaye, usiwe bahili. Kingo mbili za mbele na nyuma sikuweka zile gasketi za koki zinazokuja kwenye pakiti, zinateleza ukizikandamiza. Nilipiga mstari mnene wa silikoni na kuushushia manifoldi wima, bila kuiburuta. Bolti kumi na mbili, kuanzia katikati kwenda nje kwa kukatisha, kwa awamu, hadi nguvu ya kukaza ya kati ya futi-paundi 25 na 30. Injini ikishapata moto na kupoa, zirudie.

Kitu kimoja kilinipotezea saa nzima: kebo ya mafuta. Kabureta ikibadili kimo, hata kidogo, pembe ya kebo inabadilika. Nilimwita binti yangu akanyage pedali hadi chini, mimi nikachungulia kwenye koo la kabureta. Vipepeo, yale mabamba yanayopitisha hewa, vilifunguka robo tatu tu. Ningeendesha hivyo mwaka mzima nikilaumu manifoldi.

Hii fupi pia ina njia ya moshi wa moto inayopita chini ya kabureta, ambayo nyingi ndefu hazina. Tanga ningeiziba bila kufikiri. Hapa asubuhi ya Oktoba, petroli isipopashwa haigeuki mvuke vizuri, na injini inazima kwenye taa ya kwanza mbele ya watu.

Gari sasa linaondoka vizuri kuliko lilivyowahi kuondoka, hilo nalisema bila mchoro wowote wa muuzaji. Ile ndefu nilimuuzia kijana mwenye Camaro iliyokwisha kutobolewa boneti na mtu mwingine. Alifurahi, nami nikafurahi kwa ajili yake, nusu ya bei ikiwa imebaki mfukoni mwake. Na kale kachunusi bado kapo. Fundi wa rangi alikaangalia, akapapasa, akanitajia bei ya kukanyoosha, nikamwambia akaache.