Uso na jina katika ngozi moja

Kadi ya uanachama niliyoletewa mwezi uliopita kutoka mwalo wa Kibirizi ilikuwa na mhuri, sahihi ya katibu na picha ya kijana ambaye si mwenye kadi. Picha ya awali ilikuwa imebanduliwa na nyingine kubandikwa, na kile kipande cha duara la mhuri kilichoondoka na picha ya zamani kikachorwa upya kwa wino wa zambarau. Kwa kadi hiyo mtu alichukua mkopo wa kikundi cha akiba kwa jina la mwenzake, na mwenye jina akaja kujua siku alipodaiwa. Viongozi wa kikundi walinifuata kwa sababu nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kwenye chumba cha giza cha studio pale Mwanga, Kigoma mjini. Swali lao lilikuwa fupi: je, picha inaweza kutengenezwa kwa namna ambayo kadi haitachakachuliwa tena?

Inaweza. Nataka kueleza jinsi inavyoweza, halafu nieleze kwa nini baadhi ya watu ninaowaheshimu wanasema tusiifanye, kwa sababu hoja zao zimenifanya nibadili sehemu ya ushauri wangu.

Udhaifu wa kadi ya kubandika uko kwenye gundi. Picha ni kitu kimoja, karatasi yenye jina ni kitu kingine, na kinachosema kwamba uso huu ndio wenye jina hili ni mhuri peke yake, nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Hata hivyo hatua ya kuweka picha ilikuwa kubwa ilipoanza. Mwaka 1876, kwenye maonesho makubwa ya Philadelphia kule Marekani, mpiga picha William Notman wa Montreal alibuni tiketi zenye picha kwa ajili ya waoneshaji na wafanyakazi, ili tiketi ya mmoja isitumiwe na mwingine. Pasipoti zilichelewa. Mwaka 1914 jasusi wa Ujerumani, Carl Hans Lody, aliingia Uingereza kwa pasipoti halali ya Mmarekani aitwaye Charles Inglis. Haikuwa na picha, kwa hiyo hakuhitaji kughushi chochote. Alihitaji kujibu tu akiitwa kwa jina hilo. Alikamatwa Oktoba na kupigwa risasi Novemba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Uingereza ikaanza kudai picha kwenye pasipoti zake. Tangu hapo wezi wa majina walijua kazi yao mpya ni kubandua.

Dawa ya kubanduliwa ni kutobandika. Kwenye studio za zamani kazi ilikwenda hivi: maandishi ya kadi, yaani jina, namba na sahihi ya mhusika, yaliandikwa makubwa kwenye karatasi nyeupe, yakapigwa picha kwa filamu kali isiyojua kijivu, inayotoa nyeusi na nyeupe tu. Uso ulipigwa kwa filamu ya kawaida. Filamu hizo zikishasafishwa huitwa negativu, kwa kuwa nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi nyeupe. Negativu hizo mbili zilipangwa juu ya karatasi moja ya picha, kila moja mahali pake, zikamulikwa, na karatasi ikaingia kwenye dawa mara moja. Kinachotoka majini ni kitu kimoja. Uso na jina vimo ndani ya utando uleule wa jelatini, vimejengwa kwa chembe zilezile za fedha. Hakuna wino uliokaa juu ya karatasi ukisubiri kufutwa.

Jaribu kubadili herufi moja uone. Lazima ukwangue kwa wembe, na ukikwangua unaondoa utando, si herufi. Mng'ao unakatika hapo, na anayeikagua akiinamisha kadi kidogo kuelekea dirishani anaona kovu. Ukiilowesha, jelatini inavimba na kulainika, na hutoki na uso mzima wa kuhamishia kwingine. Mafundi wenye subira waliongeza negativu ya tatu yenye mistari ya mawimbi myembamba kama nywele, inayopita nyuma ya herufi na kugusa bega la mtu pichani. Mstari wa namna hiyo ukikatizwa, jicho linasita hata kabla ya kujua limesitia nini. Hiyo ndiyo sifa ninayoipenda kuliko zote: mwenyekiti wa kikundi akiwa amesimama mchangani saa moja asubuhi, bila umeme wala mtandao, anaweza kuikagua kwa kidole gumba na mwanga wa mbingu.

Juu yake huja plastiki ya moto, ile tunayoita lamineti. Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia maji. Kwenye kadi ya usalama kazi yake kubwa ni kushikana na picha kwa nguvu kuliko picha inavyojishikilia yenyewe, ili mtu akiichana, plastiki iondoke na ngozi ya picha. Lamineti nyingi za steshenari hazifanyi hivyo. Gundi yake ni hafifu, na kwenye karatasi laini ya picha inabanduka vizuri kabisa, ukaona kadi safi iko wazi mezani. Anayetaka kulinda kadi ajaribu kwanza kuichana mwenyewe.

Watu wataniambia mambo hayo ni ya kale, na filamu zimekwisha. Ni kweli kampuni ya Polaroid ya Marekani, ambayo tangu miaka ya 1960 iliuza kamera iliyopiga uso na karatasi ya maelezo kwa pamoja na kutoa kadi kwa dakika chache, ilitangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza filamu zake za papo hapo. Wazo lenyewe halikufa. Pasipoti na vitambulisho vingi vya leo huchomwa kwa leza ndani ya matabaka ya plastiki, uso na maandishi vikiwa chini ya ngozi, kwa sababu ileile ya chumba cha giza. Nasi tunayo njia iliyo karibu zaidi. Maabara za picha za kidijitali zinaandika kwa mwanga juu ya karatasi yenye jelatini. Kadi nzima ikipangwa kwenye kompyuta na faili likapelekwa Dar es Salaam kusafishwa kama picha, badala ya kuchapwa kwa printa ya wino, karatasi zinazorudi na basi zina tabia ileile ninayoisema. Printa ya wino inatoa kadi nzuri machoni, lakini mara nyingi tone la maji linaikoroga.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wapinzani inapoingia, na ni nzito. Rafiki yangu mmoja mwenye steshenari aliniambia: "Kaka, unalinda kadi isibadilishwe, lakini nani anabadilisha siku hizi? Mtu anapiga kadi kwa simu, anaipanga upya, anatoa mpya." Ana haki. Kubadilisha na kuiga ni makosa mawili tofauti, na njia ya picha inazuia la kwanza kuliko la pili. Zamani kuiga kulihitaji chumba cha giza na mtu anayejua dawa. Leo mlango huo uko wazi zaidi. Jibu langu haliko kwenye kadi. Studio yetu ilikuwa na desturi ya kukwangua namba kwenye ukingo wa kila negativu na kuitunza. Mtu akija na picha yenye mashaka, tulitoa negativu tukalinganisha. Kikundi kifanye vivyo hivyo: kila kadi isafishwe mara mbili, moja kwa mwanachama, moja ibandikwe kwenye daftari lenye namba, na daftari likae kwa mweka hazina. Aliyeiga kadi hajaigusa nakala hiyo. Kadi isiyo na daftari nyuma yake ni picha ya ukumbusho.

Hoja ya pili inahusu jicho la binadamu. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilofanya kwenye supamaketi. Waliwapa watu kadi za malipo zenye picha, baadhi zikiwa na picha za watu wengine, na wahudumu wa kaunta walizipokea zaidi ya nusu ya kadi hizo za udanganyifu. Wahudumu hao walijua kwamba wanajaribiwa. Sasa fikiria kwetu, ambako picha nyingi za kadi ni nyeusi mno. Mpiga picha anaweka pazia jeupe nyuma, kamera inapima mwanga kwa lile pazia, na uso wa mtu wetu unazama gizani. Ukiutoa kopi, unabaki doa lenye masikio. Doa linafanana na kila mtu, na mwizi hahitaji wembe. Kwa hiyo naweka jambo hili juu ya lamineti na mistari ya mawimbi: mtu akae kivulini mahali pa wazi, mwanga laini utoke mbele yake, mwanga upimwe kwenye shavu lake, na picha isikubaliwe mpaka macho, kope na mstari wa midomo vionekane hata kwenye kopi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndugu wamegawanyika pande mbili, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imekuwapo tangu 1996. Mtu wa Buhigwe au Kakonko anajua maana ya kuulizwa "wewe ni wa wapi hasa?" mbele ya meza ya usajili. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kabla ya laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, tuliona jinsi asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anavyoweza kukatiwa mawasiliano. Mzee mmoja wa Ujiji aliniambia hataki kadi nyingine maishani mwake, kwa sababu kila kadi mpya kwake ni mlango mpya wa kuzuiliwa.

Historia iko upande wa mzee huyo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya picha ya kampuni yao ilitumika Afrika Kusini kwenye vitabu vya pasi, vile ambavyo Mwafrika alilazimika kuvibeba ili aruhusiwe kutembea katika nchi yake. Walianzisha upinzani uliodumu miaka saba, mpaka kampuni ikaondoka kule mwaka 1977. Picha zile zilikuwa kazi safi ya kiufundi, na usafi huo ndio uliomfunga mtu vizuri zaidi. Jirani zetu wa Rwanda waliwekewa kabila kwenye vitambulisho na Wabelgiji miaka ya 1930, na mwaka 1994 neno lile moja liliamua nani avuke kizuizi na nani auawe.

Baada ya kuyafikiri hayo niliwaambia viongozi wa kikundi jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema: kadi yenu isibebe kabila, mahali pa kuzaliwa wala uraia. Iwe na uso, jina, namba ya uanachama na mwaka wa kuisha. Inathibitisha kwamba mtu huyu ana hisa katika kikundi hiki, basi. Kadi ikiwa ngumu kuchezea, kinachoandikwa juu yake kinapaswa kuwa kidogo, kwa sababu hakitafutika.

Na hakifutiki hata kikiwa kosa. Shangazi yangu wa Kasulu aliandikwa jina pungufu ya herufi moja kwenye kadi ya taasisi fulani. Ilimgharimu safari tatu, kwa kuwa kila aliyemwona alimjibu kwamba kadi haibadiliki. Kadi ya kubandika ilisahihishwa kwa kalamu na mhuri. Kadi ya ngozi moja haisahihishwi, inafanywa upya. Nimewaomba watenge fedha za kurudia kadi kabla ya kusafisha hata moja, na kila mwanachama asome jina lake kwenye karatasi, mbele ya anayejua kusoma kama yeye hajui, kabla halijapigwa picha.

Tulitengeneza kadi tano za majaribio tukawapa vijana wa dagaa wakae nazo mifukoni wiki nzima, ziwani usiku, na ruhusa ya kuziharibu watakavyo. Hakuna aliyefaulu kubadili jina. Mmoja alifika mpaka kwenye uso kwa wembe, na uso ukabaki vumbi. Lakini kadi mbili zilijaa maji kwa sababu plastiki ilikatwa sawasawa na ukingo wa karatasi, na jelatini ikalainika yenyewe bila mwizi yeyote. Awamu ijayo tunaacha milimita 3 za plastiki tupu kuzunguka karatasi yote, na vijana walewale wanaenda nazo tena giza la mwezi likirudi.