"Huku usirudi": mila ya Waafrika gani?

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani. Pilau ilikuwa nzuri, sina neno. Kisha mzee mmoja akapewa maiki amuase bibi harusi: "Kwenu sasa ni huko. Huku usirudi na maneno. Ndiyo mila yetu Waafrika." Ukumbi mzima makofi. Shangazi wa binti, tuliyekaa naye meza moja, akaacha kula, akawa anakunja pindo la khanga yake na kulikunjua.

Waafrika gani, mzee wangu?

Waigbo wa Nigeria si Waafrika? Kwao binti akiolewa hatoki ng'o kwenye ukoo wa babake. Anabaki mmoja wa Umuada, yaani mabinti wote wa ukoo: walioolewa, walioachika, wajane, hadi vikongwe. Kwa wake wa kaka zao, hao ndio mawifi. Wifi mmoja tu anavyokutoa jasho unamjua. Sasa piga picha ukoo mzima wa mawifi. Ukoo ukifiwa, wanarudi. Kaka wakigombania shamba hadi wazee wakashindwa, wanaitwa wao, na wakisema basi, ni basi. Utawatisha na nini? Kuwafukuza huwezi, hapo ni kwao. Kuwanyima chakula huwezi, hawali kwako.

Kule walikoolewa nako kuna umoja wa wake wa ukoo. Zamani mwanamume akimtesa mkewe, au ng'ombe wake wakila mazao ya wanawake, walikuwa wanaenda "kumkalia". Walijazana uani kwake na michi ya kutwangia, wakaimba aibu zake usiku kucha, wakagonga kuta. Akijitia kiburi, paa liliezuliwa. Wanaume wenzake walijifanya hawasikii.

Novemba 1929, kijijini Oloko, huko huko kwa Waigbo, mwanamke aitwaye Nwanyeruwa alikuwa anakamua mawese, akafika mtu wa chifu Okugo, chifu wa kuwekwa na Waingereza, akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake. Wanaume walikuwa wameshaanza kutozwa kodi, kwa hiyo maana aliijua. Akamuuliza: mama yako naye alihesabiwa? Wakakabana. Habari zikapita sokoni hadi sokoni, wanawake wakaenda kumkalia Okugo, kisha machifu wengine, maelfu kwa maelfu. Askari wakawapiga risasi, wakafa zaidi ya 50. Mkoloni akaandika "ghasia". Wenyewe wanaita vita vya wanawake. Okugo alifungwa.

Najua mtaniandikia. Haya, Umuada hao hao wamewanyoa na kuwanyanyasa wajane wa kaka zao, sitetei. Na binti aliyeogopwa na ukoo wote, ardhi ya babake hakurithi. Mpaka 2014 ndipo Mahakama ya Juu ya Nigeria ikasema mila hiyo inavunja katiba. 2014! Lakini hata Waigbo hao, pamoja na ubahili wao wa ardhi, hawakumwambia binti asirudi na maneno. Maneno ndiyo waliyomwitia.

Shangazi naye aliitwa mbele mwishoni. MC akamnong'oneza kwenye maiki, tukasikia wote: "Dakika moja tu, mama, muda umetubana." Akatangaza jiko la gesi, akarudi kukaa.